Nilivyojibu Kutoka Ndani ya Chungu cha Mjojia

Leo nimeaibishwa na chungu.

Si kidogo. Mbele ya mchungaji, mbele ya wazee, mbele ya Nduku mfinyanzi ambaye mdomo wake hufika Kitui kabla ya basi. Nawaandikia saa hii hii, bado nanuka, kabla hamjaisikia kwa watu wengine ikiwa imeongezwa chumvi. Ndugu zangu wa Mtito Andei, najua barua yangu itasomwa kwa sauti hapo kwenye kituo cha mafuta, na atakayewasomea ni dereva fulani wa lori asiyenijua. Wewe dereva, soma polepole. Na usicheke.

Kwanza wenye makosa. Mnanijua, mimi sifichi majina. Mulwa wa Ndunda. Nduku mfinyanzi. Vano, yule Mjojia. Na goti langu la kushoto.

Kwa ajili ya dereva narudia hii moja. Miaka kumi na nne iliyopita mimi na mwenzangu Mbuvi tulikuwa ndani ya kisima tukichimba. Juu, kwa kamba, alikuwa Mulwa. Mulwa akasikia jirani amefungua kaluvu, ile pombe yetu ya asali. Akaacha kamba akaenda "kuonja tu". Udongo ukaporomoka. Mimi nilitolewa kesho yake saa sita mchana, goti limevunjika. Mbuvi alitolewa amekufa. Tangu siku hiyo mimi na mashimo ni maadui. Hata choo nachimbiwa na watu. Nikawa mtu wa mizinga ya nyuki, kwa sababu nyuki hukaa juu. Na Mulwa simsalimii. (Matangani namsalimia, kwa heshima ya marehemu. Marehemu akishazikwa, basi.)

Sasa huyu Vano. Ni fundi wa mashine za kutoboa maji. Nchi yake inaitwa Jojia, iko huko chini ya Urusi, siku hizi imejitenga, na vita ikaingia mpaka mji wao. Akaja huku kwetu kutafuta maji, akapata, akakataa kurudi. Amekodi shamba karibu na chemchemi, upande wa Kibwezi, akapanda zabibu. Tulicheka. Zilipozaa tukaacha kucheka.

Nilimjua kwa sababu ya nta. Alikuja kwangu akasema, "Kioko, mimi taka nta ya nyuki. Nyingi. Ya kupaka chungu." Chungu gani kinapakwa nta? Nikamfuata nikaone. Nikamkuta Nduku na mabinti zake wawili wanafinyanga chungu kikubwa kuliko mtu! Walikuwa wanapandisha udongo pindo moja kwa siku, wakingoja likauke, kesho pindo lingine. Miezi mitatu. Viwili vikapasuka motoni, viwili vikapona. Na hivyo viwili, mtu huyu akavizika! Akachimba akavifukia mpaka shingoni, midomo tu ikabaki juu ya ardhi. Nikamwambia, "Vano, kwetu kinachozikwa hakitolewi tena." Akacheka. Akasema kwao divai hulala ndani ya udongo kama mtoto mgongoni.

Mimi ni mtu wa darasa la tatu lakini nikikosa kuelewa kitu silali. Nikamchongea hata gogo la kukanyagia zabibu, mfano wa mzinga uliopasuliwa katikati. Nikaona wakikanyaga kwa miguu. Nikaona wakitia kila kitu chunguni: maji ya zabibu, maganda, mbegu, hata vijiti. Hakuna sukari. Hakuna asali. Na hakuna miatine! Nyinyi mnajua kaluvu haiivi bila tunda la muatine, ndilo hamira yake, na karibu na moto. Sasa hii bila muatine, na chini kwenye baridi, itaivaje? Alipoifunika nilikuwa naenda kila wiki, nalala kifudifudi, naweka sikio juu ya mfuniko. Ilikuwa inapumua. Wallahi... (mkristo asiseme hivyo, lakini dereva ataelewa) ilikuwa inapumua kama mtu mwenye homa. Halafu mwezi wa tatu ikanyamaza. Nikaanza kuota usiku.

Lakini ngojeni. Mimi niko nje ya ushirika wa kanisa. Nduku alinikuta na kibuyu cha kaluvu kwa binamu yangu, akamwambia Mchungaji Nzioka kabla kibuyu hakijaisha. Miezi sita nakaa benchi la nyuma kabisa, pale kwa wageni na mbwa. Na Mwende wangu, kifungua mimba wangu, anaolewa mwezi ujao. Mchungaji alisema wazi: baba aliye nje ya ushirika hatamshika binti mkono kumpeleka mbele. Atashikwa na mjomba. Mjomba mwenyewe ni Kisilu! Mtu asiyeweza kumpeleka mbuzi sokoni! Jumapili hii ndiyo nimepangiwa kuitwa mbele na kurudishwa. Siku nne zimebaki.

Na leo Vano anafungua chungu.

Asubuhi mke wangu aliniona navaa shati la Jumapili.

"Baba Mwende, unaenda wapi?"

"Kupeleka asali."

"Kwa nani?"

"Kwa wateja."

"Mteja huyo si ni yule anayezika pombe?"

"Mama Mwende, naenda kuona tu."

Akanitazama. "Hata kile kibuyu ulikuwa unakiona tu." Akarudi jikoni. Mwende alikuwa anapima kitambaa cha gauni. Hiyo ndiyo iliniuma. Nikaapa moyoni: macho na pua. Mdomo, hapana.

Nilifika mapema. Wazee walikuwa wameshajaa, kila mtu anasema amekuja kuona tu. Mulwa naye alikuwepo, amekonda, ameshika kofia mkononi. Nikapita kama sijaona mtu. Vano alikuwa amepiga magoti anakwangua udongo kwenye mfuniko wa chungu cha kwanza. Akainua jiwe. Ngai! Harufu ile! Si kaluvu, si muratina, si kitu cha dukani. Ni kama nta, na ganda la embe kavu, na mvua ya kwanza. Nikachungulia. Rangi yake ni asali ya mgunga. Na maganda yote yamezama chini yenyewe, juu maji safi.

"Vano," nikasema, "niambie leo. Ni nani aliyeivisha hii?"

Akachuma zabibu moja mbichi, akasugua ule unga mweupe ulio juu ya ganda lake. "Huyu. Yeye kuja na muatine yake kwa ngozi."

Jamani! Miezi yote ile! Kumbe tunda limevaa hamira yake kama shati! Nilifurahi kama mtu aliyepata mzinga mwituni. Nikauliza mengine. Nikauliza kile chungu cha pili, kitupu, kilichooshwa kwa burashi ya katani, ni cha nini. Akanieleza vizuri kabisa: divai inatolewa kwa maganda, inamiminwa kwa chungu cha pili, inalala tena. Nilielewa. Mlisikie hilo. Nilieleweshwa, nikaelewa, nikaitikia kwa kichwa.

Vano akachota kwa kibuyu chenye mpini mrefu akanipa. Kunusa tu. Nduku akawa ananitazama pembeni. Mzee mmoja akasema, "Onja, Kioko, hakuna anayeona." Nikasema mimi mtu wa macho na pua. Na hapo hapo tukasikia pikipiki.

Kibwezi yote ina pikipiki moja inayokohoa hivyo. Ya mchungaji.

Lango ni moja. Ua ni wa miiba. Goti langu haliruki ua. Mkononi nina kibuyu cha pombe, siku nne kabla ya Jumapili yangu. Nikatazama huku, nikatazama kule. Chungu kitupu kilikuwa hatua mbili. Mimi, Kioko, niliyeapa nisiingie shimoni mpaka siku wanaponiteremsha kwa sanduku, nikaingia mwenyewe, miguu kwanza, kama mtu anayeingia kwa suruali. (Divai sikumwaga hata tone. Sijui kwa nini ninajivunia hilo.)

Ndani ni giza na baridi, na kuta zinateleza kwa nta yangu mwenyewe. Juu, duara la mbingu kubwa kama sufuria ya harusi. Ile harufu ya udongo. Nikafumba macho nikahesabu mizinga yangu kwa majina ya miti.

Nikasikia sauti ya mchungaji. "Bwana Vano, hamjambo. Nimekuja kuona tu."

Halafu akasema ile divai ya kwenye Biblia ameihubiri miaka ishirini na hajawahi kuiona kwa macho, angependa kujua inafananaje. Kumbe! Mtu yule yule! Ugonjwa ule ule! Nilitaka kuinuka nimkumbatie.

Sasa Wajojia wana desturi yao. Hakuna mtu kunywa kabla ya maneno. Mwenye nyumba anasimama na pembe ya ng'ombe iliyojaa, anasema, anasema, na pembe haina miguu ya kusimama mezani, kwa hivyo ukishaishika huwezi kuiweka mpaka iishe. Vano akasema ya kwanza kwa Mungu. Dakika nyingi. Mchungaji akaitikia amina. Ya pili kwa wageni. Dakika nyingi zaidi. Nikasikia mzee mmoja ananong'ona, "Huyu anahubiri kuliko mchungaji, tena koo letu limekauka." Mimi chini goti linawaka moto.

"Ya tatu," Vano akasema, "kwa watu wamekufa. Sisi taja majina. Halafu kumimina ndoo ya kwanza kwa chungu, rudi kwa udongo."

Hapo ndipo nilipokumbuka chungu cha pili ni cha nini.

Nilijua! Niliuliza mwenyewe! Nikafungua mdomo niseme, nikafikiria mkono wa Kisilu umeshika mkono wa Mwende, nikafunga mdomo. Ndoo moja ni nini? Nitalowa kimya kimya.

"Nani kumimina?" Vano akauliza.

Halafu sauti ikasema, "Mimi."

Duara la mbingu likazibwa na mtu. Nikamjua kwa mabega. Mulwa. Mara ya pili katika maisha yangu, mimi niko ndani ya shimo na Mulwa amesimama juu. Hakuniona. Mtu aliye kwenye jua haoni ndani ya chungu. Na alikuwa amefumba macho.

"Wangu anaitwa Mbuvi," akasema. Miaka kumi na nne sijamsikia akitaja jina hilo. "Mbuvi, nisamehe. Niliacha kamba. Nilikwenda kunywa. Huko ulikolala nisamehe."

Nikamimina kibuyu changu chini, pale miguuni pangu, kwa Mbuvi. Chote. Machozi yakanitoka, sidanganyi. Nikangoja. Maana tulikuwa wawili ndani ya kile kisima. Nikangoja jina la pili.

Mulwa akakohoa. "Ni hayo tu," akasema.

Ni hayo tu!

Ningenyamaza, ningekuwa mtu mzima. Ningelowa, ningetolewa jioni watu wakiondoka, Jumapili ningeitwa mbele. Lakini mnanijua. Moyo wangu hauna mlango. Nikasema, na chungu kile ni kama ngoma, sauti ilitoka nzito kutoka tumbo la dunia:

"NA MIMI JE, MULWA?"

Ndoo ikaniangukia kichwani. Divai kwanza, ndoo baadaye.

Nikasikia Nduku: "Mwaitu! Aimu! Aimu wamejibu!" (Dereva, anamwita mama yake, na aimu ni mizimu ya wafu.) Nikasikia miguu juu ya kichwa changu kama mbuzi waliofunguliwa. Viti vinaanguka. Mlio wa mtu aliyeingia kwenye ua wa miiba bila kutafuta lango. Na kitu kizito kikateleza ukingoni kikanishukia begani. Nikapapasa. Kiatu. Cheusi, kimepakwa rangi vizuri, cha kulia. Ninakijua kiatu hicho. Miezi sita nimekitazama kutoka benchi la nyuma.

Mtu ambaye amehubiri kila mwezi kwamba aimu hawako! Na alitangulia wote!

Vano ndiye hakukimbia. Alichungulia. "Kioko! Wewe ndani ya divai yangu!" Akanyoosha mikono, akanishika, akaanza kucheka, nguvu zikamwisha, akaniachilia. Akanishika tena, akacheka tena. Nta inateleza. Goti limekufa. Nikapanda, nikashuka. Nikapanda, nikashuka. Na divai inatiririka usoni mpaka mdomoni, nami sina mkono wa kuizuia. (Dereva, ulimi wa mtu si ukuta. Mnataka kujua ladha yake? Mimi nilitaka kujua miezi sita. Sasa najua, na siruhusiwi kusema.)

Halafu kichwa kingine kikatokea ukingoni, polepole sana.

"Kioko, ni wewe ama ni mzimu wako?"

"Ni mimi, mjinga wewe."

Mulwa akaketi chini kwa kishindo. Nikasikia anapumua. Halafu akaondoka. Nikasema moyoni, huyo, ameenda tena! Lakini akarudi, na kamba ya kisima ya Vano mkononi.

"Wewe na kamba tena?" nikamwambia.

Akajifunga ncha moja kiunoni mwake, mafundo matatu, akanionyesha. Akateremsha ncha nyingine. "Jifunge. Siendi popote. Nikienda, nakwenda na wewe."

"Kwa nini umemwomba Mbuvi, mimi ukaniruka?"

Akakaza fundo la kiunoni. "Mbuvi hawezi kunikataa," akasema. "Wewe uko hai."

Nikajifunga. Akavuta, Vano akavuta. Nikapanda na kuta zile za nta, kamba ikapanda na mimi, lakini suruali haikupanda. Mshipi wangu ni wa katani, ulilowa ukalegea. Kichwa kikatoka, kifua kikatoka, shati la Jumapili likatoka limelowa manjano. Na hapo watu walikuwa wamesharudi kuchungulia kutoka nyuma ya zizi. Wote. Nduku mbele. Miguu yangu ikatoka peke yake. Suruali ilibaki kulala na divai.

Nduku akapiga vigelegele. Vitano. Kama mtoto amezaliwa.

Mchungaji akaja anaruka kwa mguu mmoja, soksi imetoboka, ana mwiba sikioni. Akaninusa.

"Mzee Kioko. Umekunywa?"

"Mchungaji, nimemwagiwa."

"Ulikuwa unafanya nini humo?"

"Nilikuja kuona tu."

Wazee wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kucheka. Mchungaji akakunja uso.

"Jambo lako litaangaliwa upya Jumapili," akasema. "Nipe kiatu changu."

Nilikuwa nimekifumbata kifuani, sijui tangu saa ngapi. Nikamtazama yeye, nikatazama kiatu. Kiatu kile kilikuwa kimejaa divai mpaka kisigino.

"Jumapili, Mchungaji," nikasema. "Nikiitwa mbele, nitakuja nacho. Nisipoitwa, nitakuja nacho vilevile, na waumini wataniuliza nilikipata wapi."

Akakitazama kile kiatu. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu aliyemwagiwa, kwa kweli, si sawa na mtu aliyekunywa, na kwamba hata Maandiko ukiyaangalia vizuri... Hakumaliza. Akapanda pikipiki yake akaenda, anaikanyaga kwa soksi.

Nimerudi nyumbani nimefungwa gunia kiunoni. Mulwa alinisindikiza mpaka njia panda, bado na kamba kiunoni, tulisahau kuifungua. Mama Mwende aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Umeona?" Nikasema nimeona. Mwende alicheka mpaka akachoma kidole na sindano. Afadhali acheke.

Ile orodha ya wenye makosa niliyoandika pale juu, Mulwa nimemfuta. Nimemfuta kwa penseli, kidogo, jina bado linasomeka. Nduku abaki. Vigelegele vitano!

Nawaomba msicheke. Na mkicheka, msimalize kabla ya Jumapili. Kiatu kiko hapa juu ya meza kinakauka, kinanuka kuliko mimi, na mbwa wetu, aliyelamba matone yake, amelala chini yake tangu jioni na hataki kuamka.